Huduma Iliyofundishwa Kazi na Wateja Wake

Historia ya M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu ya mkononi, husimuliwa mara nyingi kuanzia Machi 2007, ilipozinduliwa nchini Kenya. Mwanzo huo unaacha nje mambo mawili makubwa: haja iliyokuwapo miaka mingi kabla ya simu za mkononi, na majaribio ya mwaka 2005 ambayo ndani yake huduma iliyokusudiwa kazi moja ilitumiwa na wananchi kwa kazi nyingine. Anayetaka kuelewa kwa nini ilistawi Kenya, ikasuasua Tanzania kabla ya kushika, kisha ikafa Afrika Kusini, hana budi kurudi nyuma kidogo.

Haja hiyo ilitokana na namna kazi na ardhi zilivyogawanywa Kenya tangu enzi ya ukoloni. Kodi ya nyumba, iliyodaiwa kwa fedha taslimu, iliwasukuma wanaume kutoka vijijini kwenda kutafuta ujira kwenye mashamba ya walowezi, kwenye reli na mijini, huku wake na watoto wakibaki kulima. Uhuru wa mwaka 1963 haukuuondoa mtindo huo. Mtu aliajiriwa Nairobi au Mombasa, lakini nyumbani kwake kulibaki Kakamega, Kisii au Kitui, na kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara ililazimika kusafiri kumfuata mzazi, mke au mtoto aliyesubiri karo.

Njia za kuisafirisha zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na kasoro yake. Wengi walimkabidhi bahasha jamaa anayesafiri, au dereva na kondakta wa basi, na bahasha hiyo ikafika pungufu, ikachelewa, au isifike kabisa. Hawala ya posta ilikuwa salama zaidi, ila ofisi ndogo ya posta ingeweza kukosa fedha siku mpokeaji alipokwenda kuchukua. Benki ziliwafaa wachache: mwaka 2006 ni takriban mtu mzima mmoja kati ya watano aliyekuwa na akaunti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya benki kubwa zilikuwa zimefunga matawi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha salio, kwa hiyo mkulima mdogo alisogezwa mbali zaidi na dirisha la benki wakati simu ya mkononi ikianza kumsogelea.

Simu hizo zilienea kwa sababu ya malipo ya kabla. Mteja hakuhitaji mkataba wala bili ya kila mwezi. Alinunua vocha ya kukwangua kadiri ya uwezo wake. Mara vocha ilipokuwa na thamani inayojulikana na namba inayoweza kusomwa kwa sauti, watu waliona kwamba thamani hiyo inaweza kutumwa. Nchini Uganda, mtu wa mjini alinunua vocha, akampigia mwenye simu kijijini na kumsomea namba zake. Mwenye simu akajiwekea muda wa maongezi, akampa jamaa wa mtumaji fedha taslimu, na kujikatia kiasi kidogo cha ujira. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliofadhiliwa na serikali ya Uingereza waliukuta mtindo kama huo Uganda, Ghana na Botswana. Mwaka 2004 kampuni ya Mcel ya Msumbiji iliruhusu rasmi wateja kuhamishiana muda wa maongezi, na mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya ikaleta huduma kama hiyo, Sambaza. Mbali na Afrika, Ufilipino ilikuwa na huduma za fedha kwa simu tangu 2001.

Natilia mkazo ushahidi huu kwa sababu swali la nani aliibuni M-Pesa bado huzusha ubishi. Kenya kuna simulizi iliyoenea kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ndiye aliyeibuni, kisha akaporwa wazo lake. Kumbukumbu za ruzuku na maandishi ya waliohusika zinaonyesha njia nyingine, iliyoanzia ofisi za kampuni ya simu ya Vodafone nchini Uingereza. Hata hivyo, simulizi inayomtaja ofisa wa Vodafone kama mbunifu pekee nayo haitoshi. Wazo la kupitisha thamani kwenye simu lilikwisha kuwa mikononi mwa watu wa kawaida wa Afrika kabla kampuni yoyote haijaliandikia mpango, na kama tutakavyoona, wateja wa Kenya ndio waliouandika upya mpango huo.

Mwaka 2003 Nick Hughes, mfanyakazi wa Vodafone, alikuwa akitafuta namna kampuni ya simu inavyoweza kusaidia maendeleo ya nchi maskini. Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza ilikuwa na mfuko wa ushindani uliotoa fedha kwa makampuni yaliyo tayari kuchangia kiasi hichohicho kutoka mfukoni mwao. Hughes aliomba, na akapata karibu pauni milioni 1. Kenya ilichaguliwa kwa kuwa Vodafone ilikuwa na hisa katika Safaricom, kampuni iliyokuwa ikikua haraka.

Kazi iliyokusudiwa ilikuwa finyu: marejesho ya mikopo midogo midogo. Taasisi za mikopo hiyo ziliwakusanya wakopaji katika vikundi vilivyodhaminiana, vikakutana kila wiki, kila mmoja akaleta fedha zake, zikahesabiwa, zikaandikwa na kupelekwa benki. Muda mwingi ulipotea, na kubeba fedha nyingi kulikuwa na hatari. Ilionekana kwamba mkopaji akilipa kwa simu, gharama itashuka na taasisi itawafikia watu wengi zaidi. Susie Lonie wa Vodafone alitumwa Nairobi mwaka 2005 kusimamia majaribio, na Oktoba mwaka huo yakaanza Nairobi na Thika kwa ushirikiano wa Safaricom, taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya na Commercial Bank of Africa. Wateja wa majaribio hawakufika 500.

Mitambo yenyewe ilitengenezwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na msingi wake ulikuwa wa busara sana. Programu iliwekwa ndani ya laini, yaani kile kikadi kidogo cha simu, na maagizo yakasafiri kama ujumbe mfupi uliofichwa kwa siri. Kwa njia hiyo simu ya bei ya chini kabisa iliweza kufanya kazi sawa na ya bei ghali, bila intaneti. Mteja alichagua kwenye menyu, akaandika namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri, na pande zote mbili zikapata ujumbe wa kuthibitisha. Ujumbe huo wa papo kwa papo ulikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu ulimpa mtumaji kitu ambacho bahasha ya basi haikuwahi kumpa: uthibitisho kwamba pesa zimefika.

Marejesho ya mikopo, kwa upande wake, yalikwama. Hesabu za Faulu hazikuoana kwa urahisi na kumbukumbu za mfumo mpya. Lakini tatizo la ndani zaidi lilihusu vikundi vyenyewe. Mkopaji aliyelipa kwa simu hakuona haja ya kuhudhuria mkutano, na mkutano ndio ulioshikilia nidhamu ya kudhaminiana. Chombo kilichokuja kuurahisisha mkopo wa kikundi kilitishia kukivunja kikundi.

Wakati huohuo, wasimamizi waliona miamala ambayo hawakuitarajia. Watu walimlipia mwenzao deni, naye akawafidia kwa kazi au bidhaa. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa zao mashambani. Waliokuwa wakisafiri waliweka fedha kwa wakala wa mji mmoja na kuzitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku jioni, benki zikiwa zimekwisha kufungwa, na kuyachukua asubuhi. Wote hawa walikuwa wakifanya jambo lilelile: kuiondoa fedha mahali ilipo hatarini na kuipeleka inakohitajika. Nadhani heshima kubwa ya Hughes na Lonie ni kwamba waliyaona haya na kuyafuata. Wangeweza kuyaita matumizi mabaya ya mfumo na kuyazuia. Badala yake waliuacha mpango wa marejesho na kubakiza mambo matatu: kuweka fedha, kutuma na kutoa, pamoja na kununua muda wa maongezi.

Safaricom, ikiongozwa na Michael Joseph, ilizindua huduma hiyo nchi nzima tarehe 6 Machi 2007 kwa wito mmoja wa kutuma pesa nyumbani. Bei nazo zilipangwa kwa makini. Kuweka fedha kulikuwa bure, ili hatua ya kwanza isimtishe mtu. Kumtumia mteja aliyesajiliwa kuligharimu shilingi 30, kiasi ambacho kila mtu angeweza kukikumbuka, na kutoa hadi shilingi 2,500 kuligharimu shilingi 25. Aliyemtumia mtu asiyesajiliwa alitozwa zaidi, kwa hiyo mtumaji mwenyewe akawa na sababu ya kumhimiza mama yake kijijini ajisajili.

Kulikuwa na kizingiti cha sheria, kwani Kenya haikuwa na sheria ya fedha za simu na Safaricom haikuwa benki. Suluhisho lilikuwa kuziweka fedha zote za wateja katika akaunti ya amana ndani ya Commercial Bank of Africa, chini ya mdhamini aliyetengwa na kampuni ya simu, hivi kwamba kila shilingi iliyoonekana kwenye simu ilikuwa na shilingi halisi benki. Safaricom haikuruhusiwa kuzikopesha, na mteja hakulipwa riba. Benki Kuu ya Kenya iliupima mpango na kutoa barua ya kutokuwa na pingamizi, ikichagua kuangalia kwanza na kutunga kanuni baadaye. Benki za biashara hazikufurahia. Desemba 2008, huduma ikiwa na wateja karibu milioni 5, kaimu waziri wa fedha John Michuki aliagiza ikaguliwe. Januari 2009 matokeo yakatangazwa kwamba ni salama. Ukaguzi ambao ungeweza kuidhoofisha uliiongezea imani ya umma.

Sasa tufike kwa wakala, kwa maana hapa ndipo mashine yote inaposimama au kuanguka. Kwenye simu pesa ni namba tu. Zinakuwa pesa pale mtu anapoweza kuzigeuza noti, karibu na nyumbani, siku anayozitaka. Kwa sababu hiyo wakala anahitaji akiba mbili kwa wakati mmoja: noti mkononi, na salio la kielektroniki ambalo mawakala wenyewe huliita floti. Mteja anapoweka fedha, noti za wakala huongezeka na floti yake hupungua. Mteja anapotoa, mambo hugeuka. Wakala aliyeishiwa floti hawezi kupokea, na aliyeishiwa noti hawezi kulipa.

Shida ni kwamba pesa za Kenya zilielekea upande mmoja. Mjini watu waliweka, kijijini jamaa zao wakatoa. Wakala wa mjini alijikuta na noti tele na floti imekwisha, na mwenzake wa kijijini akawa na floti nyingi huku droo ikiwa tupu, hasa siku za kufungua shule na za mwisho wa mwezi. Mtu alilazimika kubeba noti kuzirudisha kijijini, au kwenda benki na kurudi. Safaricom ilipunguza mzigo huo kwa kutumia makampuni yaliyokwisha kusambaza vocha zake. Makampuni hayo yakawa mawakala wakuu, kila moja likisimamia maduka kadhaa, likiyahamishia floti na fedha taslimu kadiri yalivyohitaji na kugawana nayo kamisheni. Baadaye benki nazo zikaanza kuwauzia mawakala floti. Mteja alionyesha kitambulisho cha taifa na kutia sahihi katika daftari la wakala, hatua ndogo iliyomtuliza mtu asiyewahi kuamini kitu kisichoandikwa. Miaka michache tu baada ya uzinduzi mawakala walizidi 10,000, wakati matawi ya benki zote nchini yalihesabika kwa mamia.

Wateja walipita milioni 1 katika miezi minane. Kuna maelezo kadhaa ya kasi hiyo. Wapo wanaoitaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kwa kuwa barabara zilifungwa, benki zikafunga milango, na simu ikawa njia ya kumfikishia msaada aliyekwama. Ni kweli kwamba kipindi hicho kiliwafundisha wengi thamani ya huduma, lakini mstari wa ukuaji ulikuwa umeshapanda kabla ya uchaguzi, kwa hiyo ghasia haziwezi kuwa chanzo. Wengine hutaja nguvu ya Safaricom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko washindani wake wote kwa pamoja. Hoja hii ina uzito, maana mtumaji na mpokeaji walikuwa tayari mtandao mmoja. Wengine husifu Benki Kuu, na wengine mtindo wa Kenya wa kufanya kazi mjini na kuishi kwa moyo mashambani.

Bahati nzuri tunayo nchi ya kulinganisha nayo. Kampuni ya simu ya Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania Aprili 2008, kwa jina lilelile na mfumo uleule wa kompyuta. Baada ya miezi 14 ilikuwa imesajili kama wateja 280,000. Kenya, katika muda kama huo, ilikuwa na kama milioni 2.7. Iwapo mitambo ndiyo iliyoleta mafanikio, tofauti ya mara kumi isingetokea.

Sababu zilikuwa za mazingira na za mpangilio. Vodacom ilikuwa kubwa zaidi Tanzania lakini haikufika nusu ya soko, kwa hiyo Mtanzania aliyetaka kutuma pesa mara nyingi alimkuta ndugu yake yuko kwenye mtandao mwingine. Nchi ni pana kuliko Kenya na vijiji vimetawanyika. Kitambulisho cha taifa kilikuwa hakijaanza kutolewa, na usajili ulitegemea kadi ya mpiga kura, pasipoti au barua ya serikali ya mtaa. Lililoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kampuni ilianza kwa kuwasimamia mawakala moja kwa moja, bila safu ya katikati ya kuwagawia floti. Wakala wa Dodoma au Mbeya aliyeishiwa alibaki ameishiwa, na mteja aliyerudishwa mara mbili hakuja mara ya tatu. Vodacom ilipoingiza mawakala wakuu na kuongeza maduka, hali ilibadilika, na katika miaka iliyofuata Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zinazotumia fedha za simu kwa wingi zaidi duniani.

Udhaifu wa mwanzo wa Tanzania ulizaa jambo ambalo Kenya ilichelewa kulipata. Kwa kuwa hakuna kampuni iliyolimiliki soko peke yake, Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana mwaka 2014 wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga Februari 2016. Kenya ilifika hapo mwaka 2018. Safaricom haikuwa na sababu ya kuharakisha, kwa vile karibu kila mtu alikuwa kwake, na hadi 2014 mawakala wake walikuwa hawaruhusiwi kuzihudumia kampuni nyingine. Ukubwa ulioipa Kenya mwanzo wa kasi ndio uliouchelewesha ushindani.

Huko Afrika Kusini, M-Pesa ilizinduliwa Agosti 2010 kwa ushirikiano na benki ya Nedbank na kufungwa Juni 2016. Wengi tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi, kanuni zilikuwa nzito, na maduka makubwa yalikwisha kutoa huduma ya kutuma fedha. Haja iliyoibeba huduma Kenya huko ilikuwa na majibu mengine.

Kenya, wakati huo, ilikuwa ikiongeza kazi juu ya msingi uleule. Malipo ya bili kwa namba ya kampuni yalianza mwaka 2009, na ya dukani, Lipa na M-Pesa, mwaka 2013. Kati ya hayo, Novemba 2012, ilizinduliwa M-Shwari, iliyomwezesha mteja kuweka akiba na kukopa kwa simu. Mikopo ilirudi, lakini bila kikundi wala mkutano: kompyuta iliangalia historia ya mtu ya matumizi na kuamua, na mkopo wa siku 30 ukatozwa ada ya asilimia 7.5. Fuliza ikafuata mwaka 2019, ikimruhusu mtu kulipa zaidi ya salio lake.

Kuhusu faida yake kwa maskini, utafiti unaotajwa zaidi ni wa wachumi Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science. Walifuatilia kaya kuanzia 2008 hadi 2014 na kukadiria kwamba huduma ilizitoa kaya 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya, katika umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake walinufaika zaidi kwa kuweza kuhama kutoka kilimo hadi biashara ndogo. Mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake waliupinga, wakisema haukuhesabu biashara zilizokufa, madeni yaliyoongezeka, wala faida iliyowaendea wenye hisa wa nje. Mimi naona pande hizi zinazungumzia vitu viwili. Ushahidi wa kwamba kutumiana pesa huwakinga watu siku ya ugonjwa au ukame ni imara, na kazi za awali za Suri na Jack zinaueleza vizuri: kaya iliyopatwa na msiba ilipata msaada kutoka kwa jamaa wengi zaidi, na chakula chake hakikupungua kama cha jirani asiye na huduma. Mkopo wa haraka kwa simu ni jambo jingine, na sifa za kutuma pesa hazipaswi kuhamishiwa kwake bila ushahidi wake wenyewe.

Kwa muda mrefu umiliki wa huduma hii ulibaki mbali na watumiaji wake. Kompyuta zilizohesabu pesa za Wakenya zilikuwa Ujerumani hadi mwaka 2015, zilipohamishiwa Kenya pamoja na mfumo mpya ulioruhusu wabunifu wa programu kuunganisha huduma zao kwa urahisi. Jina na mfumo viliendelea kuwa mali ya Vodafone, na Safaricom ikalipa ada kuvitumia, mpaka Aprili 2020. Mwezi huo Safaricom na Vodacom, kupitia kampuni waliyoiunda kwa ubia, walikamilisha ununuzi wa haki zote za M-Pesa kutoka Vodafone, na uamuzi wa nini kitengenezwe baadaye ukahamia Afrika.